Maji Yasiyovuka Minyaa

Kasulu,
14 Mei 2013

Mdogo wangu Zuleha,

Assalaam alaikum. Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu mwaka jana. Sikuugua, sikusafiri, wala karatasi haikuniishia. Nilikuwa nasubiri uandike wewe kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nimeona sasa kwamba nikiendelea kusubiri tutaandikiana ahera.

Sisi hatujambo. Wifi yako Faudhia anakusalimu na kusema kwamba khanga uliyompa imechuja rangi mara ya kwanza alipoifua. Magoti yangu yanauma. Wanafunzi wangu wa zamani wakiniona sokoni hubadili njia, nami hulichukulia jambo hilo kuwa ushahidi kwamba niliwafundisha vizuri.

Sasa nieleze. Khamisi, karani wa basi, amekuja hapa akasema alikunywa chai kwako na akatoka na soksi mbichi. Sebule ya marehemu baba! Ile sakafu ya zege iliyowafanya watu watoke Kumsenga kuja kuitazama! Nimelazimika kupata habari za nyumba yetu kutoka kwenye miguu ya karani wa basi.

Sababu ninaijua bila kuja huko. Ulikata mkaratusi wa uani. Mti ule ulikuwa unanyonya maji ya ardhini. Sasa hayana pa kwenda, yanapanda juu. Nilikuonya.

Yuko bwana wa shirika moja anayetafuta nyumba ya kupanga Kibondo, naye anataka kuingia kabla ya mvua za Oktoba. Nyumba inayooza kuanzia chini si mahali pa mjane kukaa peke yake. Kwa mtu wa shirika ni jambo jingine, yeye ana viatu. Basi nimeamua hivi: sakafu ikikauka kabla ya mvua, utabaki. Isipokauka, utahamia hapa Kasulu kwenye vyumba vya uani. Kuku wameshahamishwa.

Usinipigie simu. Kwenye simu huwa unanikatiza.

Kaka yako,
Hilali Nurudini

*

Kibondo,
2 Juni 2013

Kaka yangu Hilali,

Waalaikum salaam. Nimefurahi kusikia kwamba karatasi haikukuishia; nilikuwa na wasiwasi huo. Mimi mzima, duka linakwenda. Mwambie wifi Faudhia kwamba khanga ile ni ya kutundika ukutani na kusomwa maneno yake, ndiyo maana nilimchagulia yeye.

Nashukuru sana kwa vyumba vya kuku. Pole zangu ziwafikie kuku.

Kuhusu maji. Ni kweli sebule imelowa, kwenye kona ya dirisha, mahali pa ukubwa wa sinia. Chokaa ya ukuta imeanza kumenyuka hapo. Lakini sakafu hulowa Jumanne na Ijumaa, na ikifika Jumatatu imekauka kabisa. Mtaa wetu hupata maji ya bomba siku gani? Jumanne na Ijumaa. Nimekaa nikatafakari, kwa akili ndogo uliyoniachia uliponifundisha darasa la nne, nikaona kwamba maji ya ardhini hayasomi ratiba ya idara ya maji. Hilo ni bomba linalovuja chini ya zege. Mkaratusi ulikuwa mti tu, nao ulikuwa unaelekea kuniangukia.

Wewe ulikuwa mkubwa bomba lilipotandikwa. Nichoree lilikopita.

Na jambo la pili, nalisema mara moja ili usilisome vibaya: nilizaliwa humu, nilirudi humu nilipofiwa, na duka langu liko barazani humu. Sihami.

Mdogo wako,
Zuleha

*

Kasulu,
20 Juni 2013

Mdogo wangu Zuleha,

Hoja yako kuhusu ratiba ina mantiki. Nimeshangaa kidogo. Hata hivyo sijaondoa lawama ya mkaratusi. Nimeiweka kando tu.

Ufanye hivi. Siku ya maji, funga bomba zote za nyumba. Zote, Zuleha, si zile tu unazozikumbuka. Kisha tazama mita. Ikitulia, hakuna panapovuja. Ikizunguka, chini ya sakafu kuna tundu. Huenda tukapata pia maelezo ya bili zako, ambazo kwa miaka mingi nimeamini ni za mtu anayeoga kama anayelipwa kuoga.

Nimeambatanisha mchoro. Bomba linatoka kwenye mita barabarani, linapita katikati ya sebule moja kwa moja mpaka bafuni. Nakumbuka vizuri, nilisimama pale na kusimamia kazi ile. Namtuma kwako fundi Reverien, mtu wa Munanila. Anakula sana lakini ni mwaminifu. Apasue panapoonyeshwa na mchoro, asipasue kwingine.

Khamisi ameniambia pia, bila mimi kumuuliza, kwamba yule jirani wa upande wa pili wa ua wa minyaa angali hai. Sitaki habari zake. Tangu kesi ya mpaka, pale baba na yeye walipoapa mbele ya baraza kwamba hakuna atakayevuka minyaa kwenda kwa mwenzake, nyumba zetu hazijapeana moto wala maji, na hazitapeana nikiwa hai. Nasikia maboga yake yanastawi hata kiangazi kikali. Wenye roho ngumu hustawi popote.

Yule bwana wa shirika ameuliza tena.

Kaka yako,
Hilali

*

Kibondo,
14 Agosti 2013

Kaka yangu Hilali,

Idd mubarak, ingawa imeshapita. Tulifunga salama, na fundi wako Reverien, ambaye hafungi, alikula kwa niaba yetu sote.

Kazi yako imefanyika, sasa kaa chini usome.

Siku ya Ijumaa nilifunga bomba zote: jikoni, bafuni, uani. Nilizikaza mpaka kiganja kikauma. Maji yalipokuja tukaenda barabarani kutazama mita. Kaka, ilizunguka kama panka la hotelini. Reverien akapiga mluzi. "Mama," akasema, "huku chini kuna mto."

Nikamwambia, "Fundi, mto gani unaolowesha mahali pa ukubwa wa sinia? Maji ya kuzungusha mita namna hii yangekuwa yamenipa bwawa la samaki. Yanakwenda wapi?"

"Mwalimu hakuniambia nijibu maswali. Mwalimu kanipa mchoro."

"Na ukipasua usikute kitu?"

"Nitakuwa nimepasua."

Basi akapasua. Sululu yake ilivunjika mpini siku ya kwanza, maana baba hakubania saruji; nikaazima mtaimbo tukaendelea. Amechimba mfereji katikati ya sebule kutoka mlangoni mpaka bafuni, sawasawa na mchoro wako. Mstari umenyooka vizuri; ungempa alama zote. Na udongo uliomo ni mkavu kama unga wa muhogo. Bomba hamna. Halipo, halijawahi kuwapo. Wageni wa Idd walikaa upande mmoja wa mfereji na mimi upande wa pili, tukapitishiana biskuti.

Ulisema ulisimama pale ukasimamia. Nami nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka kwamba siku ya bomba hukuwapo. Baba alikuwa amekutuma Kumsenga kufuata mbao. Zile mbao, kaka. Ziko darini mpaka leo, hakuna aliyewahi kuzipigilia msumari.

Mdogo wako katika mfereji,
Zuleha

*

Kasulu,
30 Agosti 2013

Zuleha,

Salamu zote zimekufikia.

Bomba haliwezi kuhama. Huenda Reverien hakuchimba kina cha kutosha. Kuhusu mbao za Kumsenga, sioni zinavyohusiana na jambo hili.

Yule bwana wa shirika alikuja hapa jana na futi ya kupimia. Nilimwambia kwamba sebule inafanyiwa ukarabati wa kisasa.

Umeandika kwamba uliazima mtaimbo. Mtaani kwenu watu wenye mtaimbo ninawajua kwa majina, na wengi wao wamekufa. Uliazima kwa nani? Nijibu hilo kwanza, mengine yatafuata.

Mvua haziko mbali.

Hilali

*

Kibondo,
19 Septemba 2013

Kaka yangu,

Natumaini magoti yanaendelea vizuri. Wifi Faudhia naye apokee salamu, pamoja na khanga nyingine iliyomo kwenye kifurushi hiki. Asome maneno yake taratibu.

Nimelipata bomba. Nitakueleza nilivyolipata, nawe utaniambia kama inafaa kufundishwa shuleni.

Unajua kwamba nalala chumba cha baba, kile kilicho upande wa minyaa. Nasali humo. Kwa miaka yote hii, Jumanne na Ijumaa, nikisujudu na kuweka paji la uso chini, nasikia sauti ndani ya sakafu, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Nikiinuka siisikii. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilidhani sakafu zote za zege zinafanya hivyo. Tena nilidhani mwanamke anayesikiliza sakafu badala ya kusali anapaswa kuinyamazia aibu yake. Ijumaa iliyopita nikiwa kwenye sijda nikajiambia: Zuleha, fundi anachimba sebule, na maji yanakusemesha masikioni.

Nikachukua mchi wa kinu. Ncha moja nikaiweka sakafuni, nyingine sikioni, nikawa nahamisha kidogo kidogo. Reverien aliniona akacheka mpaka akakaa. Nilimpa mchi asikilize, akaacha kucheka. Sauti ilikuwa kali kuliko kote chini ya kitanda, karibu na ukuta. Tukapasua hapo.

Bomba lilikuwapo, la chuma. Halikupita sebuleni. Lilizunguka nyumba kwa nje, likaingia chumbani kwa baba. Hapo lilikuwa na kiungo cha matawi mawili: tawi moja likaenda bafuni kwetu, tawi la pili, kaka, likapita chini ya ukuta kuelekea kwenye minyaa. Kiungo hicho ndicho kilichooza. Maji yaliyovuja yalitambaa chini ya zege mpaka sebuleni, yakatokea penye ufa. Ndiyo hiyo sinia.

Nikatoka nje nikasimama kwenye minyaa. Mzee Pasikali alikuwa anapalilia maboga yake. Nilimwita.

"Mzee, hili bomba linatoka chumbani kwa baba linakwenda wapi?"

Akaacha jembe. "Kwani mmechimba?"

"Tumechimba."

"Basi umeshaona linakwenda wapi, ewe mwana wa Nurudini. Linaishia nyuma ya jiko langu."

"Lakini mliapa!"

"Tuliapa mbele ya baraza kwamba hakuna atakayevuka minyaa. Nani amevuka? Maji yalipita chini."

Alinieleza akiwa ameegemea jembe, nami upande wangu. Mwaka ule wa bomba mkewe alikuwa na mimba ya mapacha, na kisima kilikuwa bondeni. Baba alimwona mama yule akipanda na ndoo, kisha akimwona anakaa chini katikati ya njia. Siku ya kutandika bomba alikutuma wewe Kumsenga kufuata zile mbao, tawi likapita. Akamwambia Pasikali, "Ukisema, nakata." Pasikali hakusema. Na baba naye mpaka anakufa aliendelea kumwita mwizi wa mipaka mbele za watu, kwa moyo wote. Hakumsamehe hata jani moja la minyaa.

Wakumbuka baba alivyokuwa akigonga bomba la bafuni kwa fimbo siku za maji? Alituambia anatoa hewa. Alikuwa anamuuliza Pasikali kama maji yamefika. Pasikali alikuwa anajibu kwa kugonga kwake. Hayo ndiyo maongezi yao kwa miaka yote hiyo, na mimi na wewe tulikuwa tunakula mezani tukisikiliza.

Ile mita kuzunguka kama panka nayo ina maelezo. Bomba zangu zilikuwa zimefungwa. Pasikali alikuwa ameliacha la kwake wazi, ndoo chini, ili asikie maji yakija, kama tunavyofanya sote. Kisha akaenda shambani. Maboga yakanywa mchana kutwa. Sasa unajua pia nani alikuwa akioga kama anayelipwa kuoga: maboga.

Reverien ameweka kiungo kipya, na kwenye tawi la Pasikali ameweka koki. Ukiizungusha huku, mzee yule hana maji. Hatukufukia kwa zege mahali hapo. Tumejenga kisanduku cha matofali chenye mfuniko, chini ya kitanda changu. Sebule tumeshaifukia na inakauka. Nyumba ni nzima, kaka. Mvua zije.

Na mtaimbo, kwa kuwa ulitaka ujibiwe kwanza na nimekujibu mwisho: ulikuwa wa Pasikali. Alinipitishia juu ya minyaa. Mtaimbo tu ndio uliovuka, yeye alibaki kwake.

Zuleha

*

Kasulu,
1 Oktoba 2013

Zuleha,

Funga koki hiyo.

Baba hawezi kuwa alifanya jambo hilo. Na kama alifanya, alikuwa na sababu ambazo angenieleza mimi kwanza. Nilimshitaki mtu yule kwa maandishi, kwa niaba ya baba, mara nyingi kuliko nilivyokuandikia wewe barua. Baba alikuwa akizisoma na kunisifu mwandiko.

Usipoifunga nitakuja kuifunga mwenyewe. Na huyo bwana wa shirika nitakuja naye.

Hilali

*

Kibondo,
8 Desemba 2013

Kaka yangu Hilali,

Assalaam alaikum. Sasa ni wiki kadhaa tangu uondoke hapa, na hujaandika kwamba ulifika. Khamisi anasema ulifika, na kwamba ndani ya basi hukumsahihisha mtu yeyote lugha mpaka Kasulu. Alidhani unaumwa.

Kwa kuwa tulipokuwa pamoja hukutaka kuzungumza, naandika, maana kwenye barua sikukatizi.

Ulikuja peke yako, bila yule bwana. Ulikagua sebule kwa ncha ya fimbo kama unayekagua daftari. Ukaikuta kavu, ukaonekana kusikitika. Ukataka kuoneshwa kisanduku. Nikasogeza kitanda, nikafunua mfuniko, ukatazama koki kwa muda mrefu. Nikakuambia, "Kaka, ni hiyo, zungusha kulia." Ukasema magoti hayakuruhusu kuinama. Nikajitolea nikuzungushie. Ukasema jambo hili ni la mkubwa.

Kisha ukasema utasali humo humo chumbani. Ilikuwa Ijumaa, umetoka msikitini, adhuhuri imekwisha na alasiri bado. Sijui ulikuwa unasali sala gani. Nilipita mlangoni nikaona magoti yako yakiinama vizuri kabisa, na sijda yako ilikuwa ndefu kuliko ya imamu wetu.

Ulipomaliza ukanituma sukari. Kopo la sukari lilikuwa limejaa mbele yako. Nikachukua kikapu nikaenda, kwa sababu nimelelewa kutii. Lakini duka langu liko barazani, kaka. Sukari nilikuwa naiuza mwenyewe hatua chache kutoka ulipokaa. Nilisimama barazani na kikapu mkononi nikasikia fimbo yako ikigonga chuma. Ukangoja. Ukagonga tena. Na kutoka upande wa minyaa, bomba likajibu.

Mzee Pasikali aliniuliza kesho yake, "Nani aligonga jana? Alikuwa na mkono wa Nurudini." Nilimwambia kwamba sijui. Sitaki unidai kwamba nimekusemea.

Sasa yako mambo mawili ambayo mimi, mdogo wako, nahitaji kujua. Je, nifungashe vitu vyangu, au nyumba hii bado ni yangu? Na ile koki, je, ifungwe au ibaki?

Zuleha

*

Kasulu,
22 Februari 2014

Mdogo wangu Zuleha,

Assalaam alaikum. Tumepata mvua nzuri huku. Kasulu yote ni kijani na matope. Wifi yako amesoma maneno ya khanga ya pili na hataki kuniambia yanasemaje, lakini nimemwona akiivaa. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani alinisimamisha sokoni kunisalimu. Nina wasiwasi kwamba nimezeeka.

Barua yako ya Desemba ina makosa ya ukweli. Fimbo yangu iligusa bomba kwa sababu nilikuwa nachunguza kutu. Chuma cha zamani huchunguzwa kwa sauti. Mtu yeyote atakuambia. Kwamba kulikuwa na sauti iliyorudi, huo ni mwangwi. Ulirudi mara tatu kwa sababu nyumba ina kuta tatu upande ule.

Kuhusu sala, hilo ni baina ya mtu na Mola wake. Nitasema tu kwamba sakafu ya chumba kile ina baridi nzuri, na kwamba baba alikuwa akisali hapo hapo, na kwamba mtu akiweka paji chini pale husikia. Basi. Sina la kuongeza.

Nilipofika hapa niliandika kwa baraza la kata barua ya kufuta madai yote ya mpaka. Kisha nikaichana, kwa sababu mpaka ni wetu na mtu yule aliuingilia kwa upana wa minyaa mitatu, na sitakaa nionekane nimesahau. Baba hakusahau.

Yule bwana wa shirika nimemwambia atafute nyumba kwingine. Alitaka kujua sababu. Nilimwambia kwamba chini ya sakafu kuna shauri ambalo familia haijalimaliza, na kwamba koki ya maji ya mtu mwingine iko chini ya kitanda. Mpangaji hawezi kukabidhiwa koki ya namna hiyo. Inahitaji mtu wa nyumbani, mwenye kulala hapo kila siku, mpaka shauri liishe. Kuku wamerudi kwenye vyumba vya uani. Wameonekana kuridhika.

Basi vitu vyako usivifungashe. Koki usiiguse. Mfuniko uusafishe vumbi kila Ijumaa, lisije likaingia ndani. Na mwambie mtu fulani, ambaye sitamtaja jina, asiache bomba wazi akaenda shambani. Maboga hayahitaji kiasi kile.

Kuhusu kuifunga au kuiacha, jambo hili ni zito na haliamuliwi kwa haraka. Ninalifikiria. Nitakuja mwezi ujao, siku ya Ijumaa, kuchunguza kutu kwa mara nyingine kabla ya kuamua, na huenda nikahitaji kuja mara nyingi. Uamuzi ukishapatikana, nitakuandikia.

Kaka yako,
Hilali Nurudini